Sentensi Isiyomtaja Mtu

Msemaji wa Kiswahili hawezi kusema kwamba mtu amekwenda bila kumgusa huyo mtu. Kitenzi cha namna hiyo hakisimami mpaka kipachikwe ni-, u-, a- au wenzake, na hata mtoto mdogo hakosei hapo. Kijapani hakina viambishi hivyo. Ikimashita ni sentensi kamili: kuna aliyekwenda, basi. Ni mimi, ni wewe, ni wao? Msomaji atafute mwenyewe. Kazi hiyo ya kutafuta ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, yaani ufundi wa kusoma Kijapani kama unavyofundishwa vyuo vikuu, sentensi baada ya sentensi, kamusi ikiwa mezani. Wapo wanaouona ufundi huu kuwa masalia ya zama za maktaba, hauna maana tena mbele ya simu inayotafsiri papo hapo. Mimi nadai kwamba huko kwenda polepole ndiko elimu yenyewe, na mwalimu anayemwondolea mwanafunzi usumbufu huo anamnyima kile alichokuja kukifuata.

Mtenda katika Kijapani hakupotea, amejificha penginepo. Vitenzi vina ngazi za heshima: kipo kinachomkweza anayetajwa, na kipo kinachomshusha msemaji. Kuja kwa anayeheshimiwa ni irassharu, na kuja kwa anayejishusha ni mairu. Mtu akisema ashita mairimasu, kwamba kesho kutakuwa na kuja, msikilizaji anaelewa kwamba anayekuja ni msemaji mwenyewe, au mtu wa upande wake. Akiuliza ashita irasshaimasu ka, anayeulizwa ni mgeni, au mkubwa. Kwenye stesheni za reli hutangazwa densha ga mairimasu, treni inakuja, na kitenzi ni hichohicho cha kujishusha, kwa sababu shirika linanyenyekea mbele ya abiria wake. Mambo yanakolea zaidi ofisini. Karani humkweza meneja wake wanapozungumza wawili, lakini akipokea simu ya mteja wa nje humtaja meneja huyohuyo kwa kitenzi cha kumshusha, maana mbele ya mgeni meneja ni mtu wa ndani. Asiyejua nani yuko ndani na nani yuko nje hawezi kujua kitenzi kinamhusu nani. Ndiyo maana naona ni kosa kugawa masomo haya mafungu mawili, lugha asubuhi na utamaduni mchana. Anayechambua kitenzi kwa makini ameshaingia katika utamaduni kabla hajafungua kitabu cha historia.

Ushahidi mkubwa zaidi ni riwaya ya Genji Monogatari, iliyoandikwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11. Ina sura 54, na wahusika wake wengi hawana majina. Hutajwa kwa vyeo, na vyeo hubadilika kila wanapopandishwa katika baraza la mfalme. Mengi ya majina tunayowaitia leo walipewa na wasomaji wa baadaye. Kuna mahali ambapo msomaji hupewa vitenzi vitupu, na kiasi cha heshima kilichomo ndicho kinachomwambia kama aliyelia ni mwana wa mfalme au ni mhudumu wake. Arthur Waley, mtumishi wa British Museum ambaye hakuwahi kukanyaga Japani, aliitafsiri kwa Kiingereza kwa juzuu sita kati ya 1925 na 1933. Aliruka sura moja nzima, na aliwapachika watu majina ili msomaji asipotee. Royall Tyler alipoitafsiri upya mwaka 2001, alirudisha vyeo na kumwachia msomaji mzigo wake. Waley ana Kiingereza kitamu zaidi, sibishi, lakini Tyler ndiye aliyeheshimu namna kitabu kinavyomtaka mtu asome.

Huyo Waley ananisaidia pia kuwajibu wale wasemao kwamba lugha hujifunzwa sokoni, si darasani: mpeleke kijana Osaka miaka miwili atarudi anazungumza. Kweli, atazungumza, na vyuo vingi vinastahili lawama kwa kuwatoa wahitimu wasioweza kuagiza chakula. Lakini kusoma hakuji kwa kuishi mahali, na Waley asiyefika Japani ni shahidi. Msomi Donald Keene naye alikutana na tafsiri ya Waley mjini New York mwaka 1940, akasoma Columbia chini ya Tsunoda Ryusaku, kisha akaingia shule ya lugha ya jeshi la majini la Marekani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipewa kazi ya kusoma shajara zilizookotwa kwa askari wa Kijapani waliokufa, zimeandikwa kwa mkono, nyingine zikiwa na madoa ya damu. Wakubwa wake walitaka habari za kijeshi. Yeye alikuta watu wenye njaa na woga, wanaowakumbuka wa nyumbani. Baadaye aliandika vitabu juu ya fasihi ya shajara za Kijapani, na mwaka 2012 akawa raia wa Japani. Aliwajua watu hao kwanza kwa macho, kwenye karatasi.

Pingamizi la wingi wa kanji, alama za Kichina zinazotumika kuandika Kijapani, lina uzito zaidi. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina alama 2,136, na nyingi zina matamshi zaidi ya moja. Wajapani wenyewe waliwahi kuzichoka: Maejima Hisoka alimwomba shogun, mtawala wa kijeshi, azifute mwaka 1866, na mwaka 1946 mwandishi Shiga Naoya alipendekeza nchi ihamie Kifaransa. Wamarekani waliokuwa wakiitawala walishauri herufi za Kirumi, lakini uchunguzi wa mwaka 1948 ulikuta wasiojua kusoma kabisa ni wachache mno, na hoja ikapoa. Kwa mgeni, faida iko katika kutazama. Chukua alama ya bahari. Kushoto kuna mistari mitatu ya maji. Mwanafunzi huhesabu mistari iliyobaki, sita, kisha huitafuta katika kamusi chini ya fungu la maji. Akishika kitabu kilichochapishwa kabla ya vita, hesabu inakuwa saba, kwa kuwa palipo na mstari mmoja leo palikuwa na nukta mbili. Mkato mmoja wa kalamu unamweleza kitabu ni cha zama gani. Macho yaliyofunzwa hivyo hayarukiruki tena juu ya ukurasa, hata wa Kiswahili.

Mashine je? Hutafsiri vizuri, na inazidi kuimarika. Kwa barua ya kibiashara sioni sababu ya kuikataa. Lakini inapotoka kwenye Kijapani kuja kwenye Kiswahili ni lazima itaje mtu, na sentensi isipokuwa na dalili hubahatisha, bila kukuonyesha kwamba imebahatisha. Aliyejifunza kutafuta ndiye pekee atakayeshtuka. Hapo ndipo pia penye jibu kwa mzazi anayeuliza ajira iko wapi. Tangazo la kazi linaloutaja ufundi huu kwa jina ni nadra, nakubali, ila mikataba, mashauri ya mahakamani na taarifa za hospitali ni mahali ambapo nani alitenda ndilo swali lenyewe. Na kazi hii hufanywa pande zote mbili. Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili, na mwanafunzi wa Kijapani anayeandika insha yake huko hukumbana na dai letu lilelile lisilo na huruma: karibu kila kitenzi akigusacho, lazima kwanza aamue ni nani.