Zamu ya Kila Mtoto

Mtoto mwenye uwezo mdogo anaweza kucheza mechi nzima ya soka bila mpira kumfikia. Wenzake wanamjua, hawampi pasi. Kocha naye anamjua, anampanga pembeni ambako hatari ni ndogo. Filimbi ya mwisho inalia, mtoto amekimbia na kutoka jasho, lakini hakuna aliyemhitaji. Soka naipenda kama Mtanzania mwingine yeyote. Ila kwenye besiboli njia hiyo ya kumficha mtoto haipo. Wachezaji tisa wanapangwa kwenye orodha ya kupiga, na orodha ndiyo inayotawala. Nyota wa timu akishapiga, hapigi tena mpaka wenzake wanane wapite. Mechi ikiwa imekaa pabaya, mkimbiaji yuko beisi ya tatu na inatakiwa alama moja tu, kama zamu ni ya mtoto wa tisa, ni ya mtoto wa tisa. Naweza kumtoa na kumwingiza wa akiba, sheria inaruhusu. Lakini kocha anayefanya hivyo kila mara ana timu ya watu watano na watazamaji wanne waliovaa jezi. Mtoto anachukua gongo, anatembea peke yake, na uwanja mzima unamtazama.

Hapo ndipo ilipo kazi ya kufundisha besiboli ya watoto, na ndiyo sababu naipenda. Siwezi kumficha mtoto yeyote, kwa hiyo inanibidi nimwandae kila mmoja.

Kwetu Dar es Salaam mchezo huu bado ni mgeni. Wajapani wamechangia sana kuukuza, na mwaka 2018 ukapata uwanja wake pale Shule ya Sekondari Azania, uwanja uliopewa jina la Koshien, kufuata ule wa Japani uliojengwa mwaka 1924, ambako timu za shule za sekondari hupambana kila majira ya joto na nchi nzima hufuatilia. Wazazi huniuliza kama ni kriketi. Nawajibu kwamba ni ndugu, kisha nawaomba wakae waangalie.

Lakini mchezo ukiwa mgeni, mikono ya watoto si migeni. Mtoto aliyekulia Tandika au Mbagala ametungua maembe kwa mawe tangu akiwa mdogo. Mkono wake unajua umbali, unajua ni wakati gani wa kuachia. Na wasichana wamecheza rede. Wawili wanasimama huku na huku wanarusha, mmoja yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Anayerusha hana muda wa kulenga. Anadaka na kuachia papo hapo, akimwinda mtu asiyetulia. Siku ya kwanza ninapowapanga wawili wawili warushiane mpira, wavulana hushangaa kuona nani ana shabaha. Mimi sishangai. Mwaka 1972 huko Hoboken, New Jersey, msichana anayeitwa Maria Pepe aliondolewa kwenye timu ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kwa sababu tu ni msichana. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1974 mlango ukafunguliwa. Miaka 40 baadaye Mo'ne Davis wa Philadelphia, akiwa na miaka 13, akawa msichana wa kwanza kushinda mechi akiwa mrushaji katika fainali za dunia za Little League, tena bila kuruhusu hata alama moja. Kocha anayetafuta warushaji Dar es Salaam apite kwanza jioni mahali wasichana wanapochezea rede.

Kinachokosekana mwanzoni ni ujasiri wa kuutazama mpira unaokujia. Mpira wa besiboli ni mgumu, uzito wake gramu 145 hivi: ngozi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, ndani nyuzi zilizosokotwa na kukazwa kuzunguka kiini cha koki na mpira. Ukimpata mtoto mbavuni, halisahau pigo hilo. Mtazame mtoto mwenye hofu wakati mpira unamjia. Kabla hajafumba macho anageuza shingo. Kidevu kinakwenda begani, glovu inabaki imenyooshwa mahali mpira ulipokuwa, na mpira wenyewe umeshahama. Hapo ndipo anapoumia, kwa sababu mpira asiouona ndio unaompiga.

Simwambii “usiogope.” Sijaona hofu ikiondoka kwa kukatazwa. Naanza na mpira wa tenisi, bila glovu, hatua tatu tu kutoka kwake, naurusha kwa mkono wa chini. Kwenye mpira nimeandika herufi kwa kalamu ya wino mzito, na kila mpira una herufi yake. Masharti ni kwamba aitaje herufi kabla mpira haujatua mikononi. Ili aisome lazima shingo ikae mbele, macho yaufuate mpira mpaka kwenye viganja. Akishaweza, narudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Kisha glovu. Kisha mpira wenyewe. Vidole juu kama mpira unakuja juu ya kiuno, vidole chini kama unakuja chini yake. Kwa mpira wa kutambaa, magoti yakunjwe, makalio yashuke, glovu iguse udongo, na mkono wa pili uwe tayari kuufunika, maana viwanja vyetu vina vijiwe na mpira huruka usikotarajia.

Kijana mmoja mwembamba aligeuza shingo kwa muda mrefu kuliko wenzake wote. Alinijia akasema, “Mwalimu, mimi niweke kule nyuma kabisa.” Nikamwambia, “Kule nyuma, baba, ndiko mpira unakoshuka kutoka juu zaidi.” Tukaendelea na herufi. Jioni moja akapiga kelele, “K!” na mpira ukatulia kwenye glovu kwa ule mlio mkavu wa ngozi kukutana na ngozi. Wenzake waligeuka wote kwa pamoja. Alirusha mpira kwangu harakaharaka, akitaka mwingine.

Kuna jambo jingine la besiboli ambalo sijaliona kwenye michezo mingine niliyoifuatilia: kocha anasimama ndani ya mchezo. Karibu na beisi ya kwanza na ya tatu huchorwa visanduku kwa chokaa, na kocha ana haki ya kusimama humo wakati timu yake inapiga. Mimi husimama kwenye kile cha beisi ya tatu. Mtoto anayetoka mbio beisi ya pili, mpira ukiwa umepigwa upande wa kulia, ameupa mgongo. Hajui kama umempita mlinzi au umeokotwa, na akigeuka kutazama anapoteza hatua ambazo hazirudi. Kwa hiyo ananitazama mimi. Mkono wangu ukizunguka, anakata kona bila kupunguza mwendo na kuelekea beisi ya nyumbani. Nikiinua viganja vyote viwili, anasimama. Nikivishusha kuelekea ardhini, anateleza. Anakimbia kwa nguvu zake zote akiamini macho ya mtu mwingine.

Imani hiyo haipatikani siku ya mechi. Kocha aliyewafokea watoto wiki nzima ataligundua hilo akiwa kwenye kisanduku kile: anazungusha mkono, na mtoto anageuza kichwa kuutafuta mpira mwenyewe. Mtoto aliyezoea kudhalilishwa kwa kukosea hataki kukosea kwa neno la mtu mwingine. Ndiyo maana nikimtuma mkimbiaji nyumbani na akatolewa kwa sentimita chache, nawaambia wote, kwa sauti, kwamba uamuzi ulikuwa wangu na yeye alikimbia sawasawa.

Sehemu nyingine ya kazi hii ni kuwakatalia wanachokitaka. Little League ilianzishwa na Carl Stotz mwaka 1939 huko Williamsport, Pennsylvania, na busara yake kubwa ilikuwa kuupunguza uwanja ufae mwili wa mtoto: mrushaji anasimama kama mita 14 kutoka kwa mpigaji badala ya mita 18.44 za watu wazima, na kutoka beisi hadi beisi ni mita 18 na ushee badala ya 27. Tangu 2007 kanuni zao zinahesabu pia mirusho. Mtoto wa miaka 9 au 10 asizidishe 75 kwa siku, wa 11 au 12 asizidishe 85, na aliyefikisha 66 apumzike siku nne. Sababu iko kwenye kiwiko. Mfupa wa mtoto unakua kupitia gegedu ambalo bado halijakomaa, na gegedu hilo ndilo linalovutwa kila mpira unaporushwa kwa nguvu. Nahesabu mirusho ya kila mtoto, hata mazoezini. Mrushaji anayewaka huja na macho makavu: “Mwalimu, bado nina nguvu.” Najua anazo. Ninampokonya mpira huku tukiongoza, na wakati mwingine tunashindwa baada ya hapo, na sijutii hata kidogo. Mkono ni wake. Ataubeba maisha yake yote.

Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha kazi hii inaweza kufika wapi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu fainali za dunia za Little League huko Williamsport, wakanyimwa viza kwa utata wa nyaraka za umri. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafuzu na wakafika. Mwaka 2015 Uganda ikaifunga Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi inayojaza ligi kuu ya Marekani kwa wachezaji wake. Kila nikikumbuka wale wa 2011 naumia upya. Walikuwa wamekwisha kushinda uwanjani. Ndiyo maana mtoto akijiunga nasi, kabla ya kumuuliza anapiga kwa mkono gani, namwomba mzazi anionyeshe cheti cha kuzaliwa, na asiye nacho namwelekeza RITA, wanaosajili vizazi.

Watoto wanapenda pia karatasi ya kumbukumbu kuliko nilivyotegemea. Kila nafasi ina namba, moja kwa mrushaji, mbili kwa mdakaji, mpaka tisa, na mchezo mzima unaandikika kwa hizo namba. Mtoto anayegusa mpira taratibu ili mwenzake asogee beisi moja mbele, yeye akatolewa, karatasi inamtambua: kazi yake inaandikwa, na wastani wake wa kupiga haushuki. Makosa ya walinzi nayo yanaandikwa, kila moja na namba ya aliyelifanya. Binti mmoja wa timu yangu sasa ndiye mwandishi wetu, na ni mkali. Majuzi mpira wa kutambaa ulipita chini ya glovu ya namba sita, nikasema si kosa, mpigaji alistahili, mpira ulikuwa na kasi. “Hapana, Mwalimu,” akasema, kalamu imeshagusa karatasi. “Alikuwa na muda wa kuweka mwili mbele.” Tukabishana mpaka mapumziko ya kubadilishana zamu. Namba sita mwenyewe akaja kuchukua maji, akasikiliza, akasema ni kweli, liandikwe kosa, halafu akaniuliza kama baada ya mechi ningeweza kubaki nimpigie mipira ya kutambaa.