Maria Magdalena: Mjumbe Aliyevishwa Toba

Ndugu walimu, sisi tunaofundisha lugha twajua vema kwamba picha nayo husomwa. Papa Gregori wa Kwanza alilijua jambo hilo. Mnamo mwaka 600 alimwandikia askofu wa Marseille, aliyekuwa ameharibu picha za makanisani, akimweleza kuwa picha zawafundisha wasiojua kusoma.

Lakini ni Gregori huyo huyo ambaye, katika mahubiri ya mwaka 591, aliwafanya wanawake watatu wa Injili kuwa mmoja: Maria Magdalena, Maria wa Bethania, na yule mwenye dhambi asiyetajwa jina katika Luka, sura ya 7. Katika Yohane, sura ya 20, Magdalena ndiye aliyetumwa kuwapasha wanafunzi habari za ufufuko. Je, wasanii wa Magharibi walimfuata Maria yupi?

Wako walioifuata Injili. Katika Zaburi ya St Albans, kitabu kilichotengenezwa Uingereza karne ya 12, na ambacho kimehifadhiwa Hildesheim, Ujerumani, Maria amesimama peke yake akinena, nao mitume wamesongamana mbele yake wakimsikiliza. Hapo twamwona mwalimu na darasa lake.

Tazameni sasa sanamu ya mti ya Donatello, ya karne ya 15, iliyoko Florence. Mwanamke amekonda, nywele zimemfunika mwili, mikono yakaribia kuungana katika sala. Ufundi wake hauna kifani. Lakini mjumbe hayupo, amebaki mtubu. Yapata mwaka 1533 Titian alimchora akiinua macho mbinguni, nywele zikiuficha mwili nusu nusu. Hapo toba imekuwa kisingizio cha kutazama umbo.

Wako watakaosema kwamba kazi hizo humpa mwenye dhambi matumaini. Hatulikanushi hilo. Hata hivyo, Petro naye alimkana Bwana wake, kisha akalia. El Greco alipomchora akilia, hakumnyang'anya funguo, zaning'inia mkononi. Mwanamume alitubu akabaki na cheo chake. Mwanamke, ambaye Injili haisemi popote kuwa alikuwa kahaba, alitwikwa dhambi ya mwingine, akapokonywa ujumbe wake.

Marekebisho ya kalenda ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1969 yalimtenga na wale wawili. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha siku yake, tarehe 22 Julai, iwe sikukuu kama zile za mitume. Lakini waraka husomwa na wachache, na picha huonwa na wote.

Basi tunapoweka picha mbele ya wanafunzi ili waandike insha, tusiridhike wakitaja mavazi na machozi. Tuwaulize pia: mtu huyu alikuwa na neno gani la kusema, na ni nani aliyemchora akiwa kimya?