Saraka Isiyotaja Aina: Ukaguzi wa Faili la WAD

Mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani tarehe 10 Desemba 1993, ulitenganisha programu inayoendesha mchezo na malighafi yake, yaani picha, sauti, muziki na ramani, ambazo zote zilifungwa katika faili moja lenye jina linaloishia kwa herufi WAD. Utengano huo ulikusudiwa: John Carmack, aliyeandika injini ya mchezo, alikuwa ameona jinsi wachezaji walivyoibadilisha Wolfenstein 3D ya mwaka 1992 kwa kuandika juu ya mafaili yake ya asili, akataka safari hii marekebisho yakae katika faili la pembeni. Programu ya DEU, iliyowawezesha wachezaji kuzikagua na kuzihariri ramani, ilianza kusambazwa mapema mwaka 1994.

Kazi ya kwanza ya chombo cha ukaguzi ni kuorodhesha yaliyomo, nayo ni hesabu tupu. Baiti 12 za mwanzo huitwa kichwa cha faili: 4 hubeba neno IWAD kwa faili la mchezo wenyewe au PWAD kwa faili la nyongeza, 4 zinazofuata hubeba idadi ya vipande vilivyofungwa, na 4 za mwisho hutaja mahali inapoanzia saraka, ambayo ni orodha ya vipande hivyo. Katika DOOM1.WAD ya toleo la bure la 1.9, baiti za idadi, zikiandikwa kwa heksadesimali, yaani mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita, ni F0 04 00 00. Na kwa kuwa baiti yenye thamani ndogo hutangulia, F0 ni 240 na 04 ni 4 mara 256, jumla 1,264. Saraka huanzia nafasi ya 4,175,796, na kila kipande hupewa humo baiti 16: 4 za mahali kilipo, 4 za ukubwa wake na 8 za jina. Vipande 1,264 huchukua basi baiti 20,224, ambazo zikijumlishwa na nafasi hiyo hutoa 4,196,020, na huo ndio ukubwa wa faili zima. Chombo makini hufanya hesabu hii kabla ya kugusa kipande chochote, kwa maana faili lililokatika njiani wakati wa kupakuliwa lina saraka pungufu, au halina kabisa.

Ugumu huanza baada ya orodha kupatikana, kwa sababu saraka husema kipande kiko wapi bila kusema ni kitu gani. Muziki hujitambulisha, kwani huanza na herufi MUS, lakini picha ya sakafu ni pikseli 64 kwa 64 zisizo na kichwa chochote, yaani baiti 4,096 kamili, na kipande kingine chochote chenye ukubwa huo kinaweza kudhaniwa kuwa sakafu. Hapo chombo hulazimika kutazama majirani: kilicho kati ya alama F_START na F_END, ambazo zenyewe ni vipande vitupu, ni sakafu. Ramani nazo hutambuliwa kwa mfuatano, kwani E1M1 ni jina tu lenye baiti 0, huku vitu, mistari na vyumba vya ramani hiyo vikiwa katika vipande vinavyolifuata. Anayepanga vipande kwa alfabeti ili orodha ipendeze huwa amekwisha kuiharibu ramani.

Quake, mchezo wa kampuni hiyohiyo wa mwaka 1996, ulilegeza tatizo hili kwa faili la PAK, ambalo saraka yake hutenga baiti 56 kwa jina, nafasi ya kutosha kuandika njia nzima ya folda pamoja na herufi za mwisho zinazotaja aina, kama .wav kwa sauti. Hata hivyo, herufi .lmp ziliachwa zitumike ovyo: gfx/palette.lmp ni jedwali la rangi 256 lenye baiti 768 bila kichwa, ilhali gfx/conback.lmp ni picha inayoanza kwa kutaja upana na urefu wake, hivyo kwa mafaili hayo mawili chombo hurudi kulekule kwenye kukisia kwa ukubwa.