Mgongo wa Kijiko

Anayeijua kazi ya kusaka vijiko vya fedha haanzi na uso wa kijiko. Hukigeuza kwanza. Pembeni mwa barabara ya Katoyi, mjini Goma, shitingi imetandazwa juu ya mawe meusi ya volkano, na juu yake zimelundikwa chaja za simu, kufuli zisizo na funguo, sufuria, bilauri, na beseni moja la vijiko na uma. Wapita njia huchakura wakitafuta sita vinavyofanana. Mwenye jicho huchukua kile kilichofifia na kuingia weusi, hukipumulia mgongoni kwa kinywa wazi, kisha hukiinamisha kidogo kwenye mwanga. Ukungu wa pumzi ukianza kutoka, maandishi yaliyolika hujitokeza kwa nukta moja hivi. Hapo ndipo husomwa.

Fedha imefika Katoyi kwa njia zilizopinda. Wabelgiji waliojenga kando ya Ziwa Kivu walikula kwa vyombo vya kwao, nao waliondoka kwa mafungu: wengine mwaka 1960, wengine baada ya Mobutu kutangaza, tarehe 30 Novemba 1973, kwamba biashara za wageni zichukuliwe na wenyeji. Anayeondoka mbio habebi kabati la vyombo. Baadaye wakaja watu wa mashirika, ambao mkataba ukiisha huuza hadi mapazia. Chombo hupita kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa binti aliyeolewa, hadi siku pesa ya shule inapokosekana, kikashuka kwenye beseni pamoja na bati na aluminiamu. Vingine havikubahatika. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi, na lava ya Nyiragongo ikitoka mlimani hupita nyuzi 1,000. Iliyofunika katikati ya mji Januari 2002 sidhani kama iliacha chini yake kijiko chenye umbo la kijiko.

Sterlingi ni sehemu 925 za fedha katika kila elfu. Zilizobaki 75 kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa kazi ya mezani. Na kijiko kilichofuliwa Ulaya karne iliyopita huenda kina chembe za shaba ya Katanga ndani yake, kimerudi nyumbani bila sisi kujua. Mwingereza wa zamani hakuandika namba. Alipiga simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, alama iliyoanza mwaka 1544. Kando ya simba hukaa alama ya mji ulikopimwa: kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham. Birmingham haina bahari. Nanga hiyo ni ya mwaka 1773, na husimuliwa kwamba ilitokana na jina la baa ya London walimokutana watu waliokuwa wakidai ofisi yao ya upimaji. Hadithi ya baa siwezi kuiapia, ila naipenda. Kisha huja herufi ya mwaka, kisha herufi za jina la mfuaji. Alama nne, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, zinakutajia ubora, mji, mwaka na mtu.

Mfaransa ana siri nyingine, na sisi tuliosomeshwa kwa lugha yake ndiye tunayemsoma mara nyingi zaidi. Tangu 1838 fedha yake hubeba kichwa cha mungu wa kike Minerva aliyevaa kofia ya vita. Lakini kichwa hicho kikiwa kimefutika, tazama fremu inayozunguka herufi za fundi. Ikiwa na umbo la karo ya karata, chombo ni fedha hadi ndani. Ikiwa mraba, fedha imepakwa juu tu. Watu hukosa jambo hili kila siku, wakashangilia mraba. Wengine hudanganywa na namba: 90 au 100 mgongoni mwa uma si ubora. Ni gramu za fedha zilizopakwa juu ya dazeni nzima ya vijiko na uma zake. Namba zinazofaa kukusimamisha ni 800, 835, 900, 925, 950.

"Mama, hivi bei gani?"

"Papa, chagua tu. Kimoja franga elfu moja."

"Na hiki cheusi?"

"Hicho kimeharibika. Nitakupunguzia."

Hakijaharibika. Weusi ule ni salfa iliyoshikana na fedha, na salfa haikosekani katika mji unaopikia makaa chini ya mlima unaofuka. Chuma kisichoshika kutu kingebaki kinang'aa. Fedha ndiyo inayojionyesha kwa kufifia. Wapo wanunuzi ambao hapo hukunja uso na kukidharau kijiko ili bei ishuke zaidi. Siwapendi. Mimi huona heri kumwambia muuzaji, "Mama, hiki cheusi ndicho kizuri, usikitupe." Bei itapanda, basi ipande. Ufundi unaoishi kwa ujinga wa mwenzako ni uviziaji tu.

Baada ya macho, viungo vingine hufanya kazi zao. Pua: sugua kwa kidole gumba hadi pashike joto, unuse, shaba na nikeli huacha harufu kali mkononi, fedha karibu haina. Sumaku haiivuti, ingawa haivuti shaba pia, kwa hiyo sumaku hukataa tu, haithibitishi. Uzito unasema mengi, isipokuwa kwa visu na vinara vya mishumaa: mpini wa kisu mara nyingi ni ganda jembamba lililojazwa lami. Na sonara mwenye subira ana maji. Hupima kijiko kikining'inia hewani, hukipima tena kikiwa kimezama. Sterlingi inapaswa kuwa na uzito wa maji mara 10.3 hivi, nikeli na shaba haifiki 9.

Kinachonivutia zaidi ya bei ni kwamba mji huu unaishi kwa madini, na tumezoea kutoamini alama zake. Gunia la koltani hufungwa kibandiko cha plastiki chenye namba, kuonyesha limetoka mgodi upi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika tena na tena jinsi vibandiko hivyo vinavyouzwa na kufungwa kwenye magunia ya mahali pengine. Kibandiko hufuata kamba. Alama ya fedha imepigwa kwa nyundo ndani ya metali yenyewe. Kuiondoa ni kuukwangua mwili wa kijiko, na kidole kitaliona shimo.

Hata hivyo sarafu hufundisha tahadhari. Riyali ya Maria Theresa, iliyopita mikono ya Zanzibar na Omani kwa vizazi, imeandikwa 1780 hata ile iliyopigwa karne ya ishirini: tarehe yake si ya kweli, fedha yake ya 833 ni ya kweli. Masonara wa pwani waliiyeyusha wakafua vikuku. Ya kwetu ni faranga 50 za Kongo ya Kibelgiji za mwaka 1944, zenye tembo. Zinapendeza, lakini nusu tu ni fedha.

Masonara wa Goma nao wangeyeyusha kila kitu ukiwaachia, na siwalaumu, wana watoto. Ila simba akiyeyuka huwa gramu tu. Anayetaka kumbakiza aoshe kijiko kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akipanguse kwa kitambaa laini, basi. Dawa ya meno na majivu hung'arisha vizuri sana, na kila mara hung'oa kidogo ya zile herufi. Tena asikifungie kabatini: kinachotumika kila siku hufifia polepole zaidi. Chai, uji, wali, vyote sawa. Yai ndilo halifai. Lina salfa, na kufikia mwisho wa mlo kijiko kitakuwa kimeanza kugeuka rangi mkononi mwako.