Kalenda ya Jamii Hudumu Pale Data Yake Inapoweza Kuhama

Kuanzisha tovuti ya kalenda ya matukio ya jamii si kazi kubwa: hifadhidata ndogo, fomu ya kujaza na ukurasa wa kupanga tarehe vinatosha. Mtihani huja miaka inapopita, kwa sababu kalenda isiyojazwa kwa mwezi mmoja haina tena faida kwa msomaji. Wengi hudhani dawa ni fedha na wahandisi zaidi. Tovuti ya matukio ya Upcoming.org ilivipata vyote viwili. Andy Baio aliianzisha mwaka 2003, Yahoo ikainunua mwaka 2005, na Aprili 2013 ikaifunga kwa notisi ya siku chache tu, hata watu wa kujitolea wakalazimika kukimbizana na muda kuokoa kurasa zake. Kilichokosekana ni njia ya taarifa kuishi nje ya mikono ya mmiliki mmoja, na hapo ndipo naona uhai wa kalenda ya jamii unapoamuliwa.

Calagator, kalenda ya wanateknolojia wa mji wa Portland, Oregon, iliyoanza mwaka 2008, ilijengwa kwa mantiki hiyo. Programu yake ni huria, na yeyote anaweza kuongeza au kusahihisha tukio bila kufungua akaunti. Pia huingiza matukio kutoka kalenda nyingine kwa umbizo la iCalendar, lililochapishwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009. Katika umbizo hilo kila tukio lina kitambulisho chake cha pekee, hivyo muda ukibadilika, rekodi ya zamani husahihishwa badala ya kuzaliwa nakala ya pili. Mkutano wa kila Jumanne huandikwa mara moja, pamoja na kanuni ya kujirudia na jina la ukanda wa saa. Jina hilo ni la lazima: Portland husogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, na mkutano wa saa 1 jioni ukihifadhiwa kwa saa za UTC pekee utaonyeshwa vibaya kwa miezi kadhaa. Nairobi na Dar es Salaam hazisogezi saa, kwa hiyo kosa hilo huku hujificha mpaka litokee tukio linalopangwa kwa saa za Ulaya au Marekani.

Yapo mapingamizi mawili mazito. La kwanza ni kwamba mlango ulio wazi hukaribisha matangazo taka. Ni kweli, lakini Calagator huhifadhi historia ya mabadiliko, na kufuta uchafu mara mojamoja ni kazi ndogo kuliko kuidhinisha kila tangazo kwa miaka. La pili lina uzito zaidi: vikundi vingi hutangaza kwa bango au WhatsApp, wala havina faili la kuingizwa. Hapo mhariri bado anahitajika. Lakini maktaba au shule inayotumia Google Calendar tayari inaweza kutoa anwani ya iCalendar kwa umma. Ikisomwa moja kwa moja, muda wa mhariri unabaki kwa wale wasio na kalenda.

Kwa hiyo, anayejenga kalenda ya mtaa wake aanze na swali hili kabla ya kuchagua rangi: je, matukio yote yanaweza kutolewa kama faili moja na kufunguliwa kwenye programu nyingine? Wanaojitolea huchoka na kuhama. Atakayewarithi akikabidhiwa faili, programu na jina la kikoa, ataendeleza kazi. Akikosa faili, ataanza upya.