Mwindo wa Banyanga: Tusikatie Hadisi Njiani

Mara nyingi kwenye mikutano, mtu akimtaja Mwindo anataja nguvu tu: mtoto aliyezaliwa akisema na kutembea, conga mkononi, baba yake akashindwa kumuua. Vijana wanapiga makofi, hadisi inaishia pale. Sisi tunaona kuishia pale ni kuiharibu. Sehemu inayoachwa njo inatugusa zaidi.

Tukumbuke kwanza namna ilivyotufikia. Mwaka 1956, Rureke, fundi wa karisi, aliiimba, akaisimulia na kuicheza kwa siku 12, Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika. Kitabu kilitoka 1969, Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Banyanga. Mwaka 1978 yakatoka masimulizi mengine. Hapa tunasema juu ya yale ya Rureke.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikataza wake zake wasizae mtoto mwanaume. Mwindo akazaliwa, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa majini. Nani aliifungua ile ngoma? Shangazi yake Iyangura, bibi wa Mukiti, nyoka wa maji. Baadaye baba akakimbilia chini ya ardhi kwa Muisa, Mwindo akamfuata. Kule, Kahindo, mwenye kuugua buba, njo alimufundisha asikubali kiti wala pombe ya Muisa. Tuseme kweli: bila hawa wawili, shujaa asingefika popote. Lakini nani kati yetu anawataja?

Na baba alipokamatwa, Mwindo hakumuua. Shemwindo alikiri kosa lake mbele ya watu wote, Iyangura akamkaripia ndugu yake wazi, nchi ikagawanywa. Wale waliokufa Tubondo, Mwindo aliwafufua kwa conga ileile.

Halafu kuna mwisho, ule ambao wengi wanaruka. Mwindo aliua Kirimu mwenye vichwa 7, bila kujali kwamba Nkuba, mwenye radi, alikuwa amechanja naye damu. Nkuba akamupandisha mbinguni mwaka mzima. Mvua ikamupiga, mawe ya mvua, jua pia. Akarudi na sheria: asiue tena nyama yeyote. Mtu asiyeshindwa na yeyote chini alifundishwa kutii. Pale njo alifaa kuwa mwami.

Tangu Machi 1993, damu ilipomwagika Ntoto, Walikale na Masisi zimeona vijana wengi wakiitwa mashujaa kwa sababu ya silaha. Ukiwapa nusu ya Mwindo, unawapa kisingizio. Ukiwapa yote, unawaonyesha baba anayekiri, shangazi anayesema, na mwenye nguvu anayefungwa na sheria. Ndugu zetu Bahunde, walio karibu nasi kwa lugha na kwa desturi ya bami, wanaelewa haya bila kutafsiriwa.

Basi wazee, mukikaa na watoto jioni, musiishie kwenye vita. Mufike mupaka kwa Nkuba.