Idadi Si Fani: Uhakiki wa Vitabu vya Matbaa za Hammersmith

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kukitazama kitabu kwa pande mbili, fani na maudhui. Kwa fani aghalabu tunakusudia lugha, muundo, wahusika na mtindo. Ni nadra tukusudie karatasi, wino, herufi na jalada. Hata hivyo wako watu ambao kwao hivi vya mwisho ndivyo hasa kitabu. Hao ni wakusanyaji wa vitabu vilivyopigwa chapa kwa mkono, kwa nakala chache zenye idadi iliyotangazwa, kisha chapa ikavunjwa isitoke nakala nyingine. Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja: je, uchache huo ni sehemu ya ubora wa kitabu, au ni kitu cha nje kilichobandikwa juu yake? Ili tusizungumze hewani, tutazitazama matbaa mbili zilizokuwa katika mtaa wa Hammersmith mjini London, ambazo wakusanyaji hata leo wanazihesabu miongoni mwa vilele vya kazi hii.

1. Kelmscott: maudhui mamoja, bei tatu

Matbaa ya Kelmscott ilianzishwa mwaka 1891 na William Morris (1834–1896), mshairi na fundi wa nakshi ambaye tangu 1883 alikuwa mfuasi wa siasa za kijamaa. Kilichomchochea ni mhadhara alioutoa Emery Walker mwezi wa Novemba 1888, ambapo herufi za vitabu vya kale zilionyeshwa ukutani, zimekuzwa kwa taa. Hapo Morris aliona wazi jinsi uchapaji wa viwanda vya zama zake ulivyopungukiwa: wino wa kijivu, karatasi dhaifu, herufi nyembamba zilizobanana. Akachora herufi zake mwenyewe kwa kufuata mfano wa zile za Nicolas Jenson wa Venice, za mwaka 1470, na Edward Prince akazichonga katika chuma. Akaagiza karatasi ya kitani iliyotengenezwa kwa mkono, akatumia mitambo ya mkono. Hadi ilipofungwa mwaka 1898, matbaa hiyo ilikuwa imetoa vitabu 53.

Mashuhuri kuliko vyote ni kazi za Chaucer, zilizotoka mwaka 1896 zikiwa na picha 87 za Edward Burne-Jones. Nakala za karatasi zilikuwa 425, na za ngozi ya ndama 13. Bei ya nakala ya karatasi ilikuwa pauni 20, katika mji ambao kibarua alipata kama pauni moja kwa juma. Hatuna budi kukiri kwamba kazi hii ni ya ajabu. Weusi wa wino unalingana na weusi wa nakshi, na kurasa mbili zikifunuliwa huonekana kama kitu kimoja. Lakini mhakiki lazima aulize: je, kinasomeka? Mizabibu ya pambizoni inashindana na beti, na jicho lililokuja kusoma huishia kutazama. Methali yetu yasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa ndani hamna kipande cha mti, mna Chaucer. Kosa ni kinyume chake: mkakasi umenakshiwa hata mtu akasahau kuufungua.

Mfano unaotufaa zaidi ni riwaya ya Morris mwenyewe, News from Nowhere, inayosimulia nchi isiyotumia fedha, ambamo kila mtu hufanya kazi kwa furaha ya kuifanya. Riwaya hii ilitoka kwanza mwaka 1890, sehemu kwa sehemu, katika gazeti la kijamaa la Commonweal lililouzwa kwa peni moja. Mwaka 1891 ikatoka kama kitabu cha jalada la karatasi kwa shilingi moja. Kisha Kelmscott ikaipiga chapa upya: nakala 300 za karatasi, bei gini mbili, yaani shilingi 42. Maudhui ni yale yale, ila fani ya kitabu imebadilika, na pamoja nayo amebadilika msomaji. Fundi wa viatu aliyeweza kuisoma habari ya nchi isiyo na fedha kwa peni yake hakuweza kuigusa ilipovaa nguo iliyoistahili. Morris aliitambua kinzani hii wala hakuipatia ufumbuzi. Kwa maoni yetu hilo halimfanyi mnafiki. Linaonyesha kwamba katika jamii ya matabaka hata uzuri uliotengenezwa kwa nia njema hupitia mlango wa mwenye mali.

2. Doves: herufi zilizozamishwa

Mwaka 1900 T. J. Cobden-Sanderson, mjalidi ambaye karakana yake ilikuwa imezijalidi nakala 48 za Chaucer huyo kwa ngozi ya nguruwe, alishirikiana na Emery Walker kuanzisha Matbaa ya Doves. Wao pia walimfuata Jenson, na tena Prince ndiye aliyechonga. Lakini waliacha picha na mizabibu yote. Walitumia herufi za ukubwa mmoja tu, na urembo wao ulikuwa nafasi, mizani ya mistari na herufi za mwanzo zenye rangi. Biblia yao, iliyotoka baina ya 1903 na 1905 kwa majuzuu matano na nakala 500, hufunguka kwa herufi moja nyekundu inayoteremka ukingo mzima wa ukurasa wa kwanza wa Mwanzo, kisha maneno yanaendelea bila kelele. Hapa fani inatumikia maudhui. Msomaji hatambui mara moja kwamba ameshikwa mkono. Anatambua tu kwamba anasoma bila kuchoka. Kwa kipimo cha usomaji, tunaiweka Doves juu ya Kelmscott.

La kusikitisha ni mwisho wake. Washirika hao waligombana. Kwa mapatano yao, herufi zilikuwa ziende kwa Walker endapo mwenziwe angetangulia kufa. Cobden-Sanderson, akihofu kwamba zingetumiwa katika mitambo ya kiwandani, aliamua kuziangamiza. Mwaka 1913 alizitupa kalibu zake katika mto Thames, na kuanzia 1916 hadi mapema 1917 alikwenda usiku baada ya usiku hadi daraja la Hammersmith, mzee wa miaka sabini na zaidi, akizimwaga herufi zenyewe majini. Zilikuwa zaidi ya tani moja.

3. Uchache wa mkono na uchache wa amri

Watetezi wa matoleo haya husema kwamba idadi ndogo ni sharti la kazi ya mkono. Kwa kiasi fulani wasema kweli: mtambo wa mkono hauwezi kutoa nakala laki moja. Huo ni uchache wa mkono, nao una heshima yake. Lakini uko uchache mwingine, ambao ni wa amri. Kelmscott ilipofungwa, vibao vya picha na nakshi vilipelekwa British Museum kwa sharti kwamba visipigwe chapa kwa muda wa miaka mia moja. Hapo kazi haikukoma kwa kuwa mkono umechoka, ilikatazwa kuendelea. Alichokifanya Cobden-Sanderson ni kuifikisha kanuni hiyo kwenye ncha yake. Aliyezamisha herufi na aliyefunga vibao wote wawili walitaka kilichokwisha kufanywa kibaki peke yake milele.

Hata mto haukutii. Mwaka 2013 mchoraji wa herufi Robert Green alizitoa upya herufi za Doves kwa njia ya kompyuta, na mwaka 2014, kwa msaada wa wapiga mbizi, akaopoa vipande 150 hivi kutoka chini ya daraja. Leo yeyote aweza kuandika kwa herufi zile, na Biblia ya 1905 haijapoteza chembe ya uzuri wake. Kama idadi ingekuwa sehemu ya fani, fani hiyo ingelikwisha kuharibika.

4. Funzo kwetu

Jambo hili si geni kwetu. Wakati Morris akichora herufi zake, huko Lamu alikuwako Muhamadi Kijuma (takriban 1855–1945), mshairi, mchongaji wa mbao na mwandishi wa khati. Huyu naye alinakili tenzi kwa mkono, na katika uzee wake wengi wa waliomwagiza walikuwa wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kila nakala yake ni ya pekee, lakini hakuna iliyokusudiwa kuwa ya mwisho. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa sababu mkono mmoja uliupokeza mkono mwingine kabla unyevu na mchwa havijaula. Kwa mnakili wa pwani, kunakiliwa ndiko kuishi kwa kitabu. Kwa mkusanyaji wa matoleo ya idadi, kunakiliwa ni kupungua kwa mali yake.

Hatusemi kwamba wakusanyaji ni maadui wa vitabu. Bila wao nakala nyingi za Kijuma zisingekuwako leo. Lakini ziko London na Ujerumani, na mwanafunzi wa Lamu hana budi kuzifuata huko au kungojea picha zake. Kukusanya kwaweza kuokoa, na kwaweza pia kufungia. Tofauti haimo katika kabati bali katika ufunguo wake.

Kwa hiyo mhakiki aletewapo kitabu cha namna hii na kuambiwa kwamba ni cha thamani kwa kuwa ziko nakala mia mbili tu, ajibu kwamba hiyo ni habari ya soko. Yeye aulize iwapo herufi zinasomeka, iwapo ukurasa unayachukua maneno au unayazuia, na iwapo fundi alimfikiria msomaji. Kitabu kikiyashinda maswali hayo, basi ni kizuri kikiwa kimoja, na kitabaki kizuri vikiwa elfu.